Pombe ya Kulimia

Miaka ile neno lililotamba Sumbawanga nzima lilikuwa ruksa. Maduka yaliyokuwa na vumbi na majani ya chai tu yakajaa sabuni za kunukia, mitumba ikamwagwa sokoni, na mtu akikuuliza kwa nini umevaa suruali ya pinki yenye maua, unamjibu ruksa, mnaachana. Mimi nilikuwa nayo hiyo suruali. Sitaki maswali.

Mama yangu, mjane, alilielewa neno hilo kuliko sisi wote, au ndivyo alivyodhani. Shamba letu lilikuwa pembeni mwa mji, huko Izia, na kwetu Ufipa majani ya masika hatuyachomi, tunayafukia kwenye matuta ya duara yaoze, yawe mbolea. Hiyo si kazi ya mama na mimi binti yake peke yetu. Unapika pombe ya ulezi, unaita majirani, wanalima, jioni wanakunywa, hakuna anayemdai mwenzake. Tangu baba afariki mama alilimiwa hivyo, na alijivunia. Mjane anayelimiwa bure, alikuwa akisema, kesho ataanza kugonga milango ya watu kuomba chumvi.

Sasa kulikuwa na amri ya siku nyingi: msimu wa kilimo hakuna kupika pombe bila kibali cha ofisi ya kata. Mama hakwenda.

"Kibali cha nini, na wamesema ruksa?"

Akaanika kimea cha pombe barazani, peupe, kila apitaye akione.

Asubuhi ya kazi, majirani wameshafika na majembe yao, mtendaji wa kata akatokea na mgambo wawili. Kijana mpole tu, ila kwa kanuni humwezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kulima?"

Watu wakacheka. Yeye akaeleza, kwa adabu zote, kwamba ruksa ni ya biashara, amri ya pombe haijafutwa, na imewekwa kwa faida yetu, ili watu walime badala ya kulewa.

"Na hawa wenye majembe wamekuja kufanya nini?" mama akauliza.

Akawaashiria mgambo wake. Wakabeba mitungi ya pombe, wakaimwaga yote mtaroni. Nilitamani kumrukia yule mtendaji, nasema kweli.

Nilidhani watu watarudi makwao. Jirani yetu wa ubavuni akatema mate, akaweka jembe begani, akaingia shambani. Wengine wakamfuata. Walilima mpaka alasiri, huku wanaisema serikali kwa Kifipa na kuchekana. Mama, ambaye siku zote ndiye aliyeanzisha nyimbo, alilima pembeni peke yake.

Jioni mtendaji akapita na baiskeli, akaona matuta yameenea shamba zima. Akafurahi kwa moyo wote, maskini.

"Umeona mama? Kazi imeisha, na hakuna aliyelewa."

"Imeisha, mwanangu," mama akasema. "Ila asubuhi nilikuwa na cha kuwalipa. Sasa umenifanya mtu wa kusaidiwa."