Harusi Haisubiri Kikohozi

Karakana ile ilishona magauni ya harusi tu, na kwa miaka kumi na mmoja msimamizi wake alikuwa mwanamke ambaye mafundi walimwita Bi Pini. Jina hilo alilipata kwa haki. Akipima gauni mwilini mwa bi harusi, alibana pini tano sita kwa midomo na bado akatoa maagizo, na mafundi wote kumi na wanane wakamwelewa. Pini zilizobaki alizitema kiganjani na kuzirudisha kwenye kopo lililokaa katikati ya meza ya kukatia. Kopo lilikuwa la wote, na wote walifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyeona ajabu, maana mdomo wa fundi ni mkono wake wa tatu.

Katika miaka hiyo yote hakukosa kazi hata siku moja. Homa ikimpata, alijikaza kisabuni. Fundi akipiga simu kusema kifua kinambana, Bi Pini alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole wa kuudhi, "Na miguu nayo inauma?" Kama miguu haiumi, basi njoo. Harusi haisubiri kikohozi, alipenda kusema, na bosi akaufurahia msemo huo hadi akauchapa na kuubandika mlangoni. Ulikuwa msemo wa kijinga, ila ulitamkika vizuri.

Madirisha yalikuwa manne, makubwa, yote yamepigwa misumari, kwa sababu vumbi la barabarani na kitambaa cheupe havipikiki chungu kimoja. Badala yake bosi alifunga mashine ya kupoza hewa, ikawa inazungusha pumzi zile zile za watu kumi na tisa tangu asubuhi hadi jioni. Hewa ilikuwa baridi, na kwa kuwa ilikuwa baridi, watu walidhani ni safi.

Kiti cha mwisho kilikuwa cha shangazi yake Bi Pini, dada wa baba yake, mwanamke aliyemlea tangu akiwa na miaka minne na kumfundisha kushika sindano. Alishona pindo na kutunga lulu kwa mkono. Pumu alikuwa nayo tangu usichana. Bi Pini alikuwa mkali kwa kila mtu, hata bosi hakusalimika, lakini chai ya shangazi aliipeleka mwenyewe, na akiambiwa haina sukari alirudi kuongeza bila kunung'unika.

Msimu mmoja wa harusi nyingi, Bi Pini alishikwa na mafua. Akaja kazini, kama kawaida yake. Alikohoa kwenye kiwiko alipokumbuka, na aliposahau akakohoa hivi hivi. Wiki hiyo palikuwa na gauni lenye mkia wa mita tatu, akalishughulikia yeye upande huu na shangazi upande ule, kopo la pini katikati yao. Siku ya nne mafundi saba walikuwa wanakohoa. Siku ya saba shangazi alishindwa kupanda ngazi za karakana, akakimbizwa hospitali. Ilikuwa nimonia. Daktari alimwita Bi Pini pembeni na kumwambia kwamba mgonjwa atapona, lakini kifua kile hakitahimili mara ya pili.

Bi Pini akatafuta wa kulaumu. Alilaumu mvua, akalaumu maji ya friji, akamlaumu fundi mmoja aliyelala bila kukausha nywele.

Bosi naye alipata hofu, na tumpe haki yake, hakuhofia magauni peke yake. Alimwita muuguzi wa zahanati ya jirani aje atazame. Siku hiyo mafundi wote walivaa barakoa kwa heshima ya mgeni. Muuguzi alisimama mlangoni nusu saa nzima akitazama. Aliona barakoa zikishushwa kidevuni, moja baada ya nyingine, ili watu wapate pa kubania pini.

"Mtu akianza kuumwa humu, anakwenda wapi?" aliuliza mwishowe.

Mafundi wakaitazama ile karatasi ya mlangoni.

"Na hilo kopo ni la nani?"

"La wote," alisema Bi Pini, na alipojisikia akisema hivyo, akalifunika kopo kwa kiganja.

Muuguzi alianza na madirisha. Bosi alijitetea kwa vumbi. Muuguzi akamjibu, "Vumbi linafulika, bosi. Mapafu hayafuliki."

Wiki hiyo seremala aling'oa misumari na kutandaza wavu laini madirishani. Cherehani sita zilihamishiwa chumba cha stoo ili watu wasikae wakipumuliana usoni. Kila fundi alishonewa kimto chake cha pini cha kufunga mkononi. Waliotaka chanjo ya mafua walipelekwa kuchanjwa saa za kazi. Na anayeumwa angebaki nyumbani, mshahara wake usiguswe. Bi Pini aliyaandika hayo yote kwa mwandiko mzuri, akayabandika pale pale mlangoni, na moyoni alijua kwamba sheria zile ni za wengine.

Jioni alikwenda hospitali. Shangazi alikuwa na mpira wa oksijeni puani.

"Shangazi, ugonjwa huu nimekuletea mimi. Nilikuja kazini naumwa."

"Najua. Nilikusikia ukikohoa."

"Sasa mbona hukuniambia nirudi nyumbani?"

Shangazi alivuta pumzi mbili tatu kabla ya kujibu. "Ningekuambia kwa mdomo gani, mwanangu? Wewe ukiwa mdogo na homa, nilikulaza chini ya cherehani nikaendelea kushona. Umefanya nilichokufundisha."

Bi Pini alilia pale pale, wauguzi wakipita. Alimsihi shangazi aache kazi, akaambiwa kwamba kukaa nyumbani kuhesabu mabati kutamuua upesi kuliko nimonia.

Baada ya wiki sita daktari alimruhusu shangazi kurudi kazini siku ya Jumatatu. Alfajiri ya Jumatatu hiyo Bi Pini aliamka koo linamwasha na mwili una moto. Alivaa gauni, akavaa kiatu kimoja, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha akampigia bosi simu.

"Leo?" alisema bosi. "Bi harusi anakuja kupimwa saa nne, na mama yake, na mama mkwe. Njoo nusu siku tu. Vaa barakoa, ukae mbali na watu."

"Bosi, shangazi anarudi leo."

"Najua. Tumemwekea kiti karibu na dirisha."

"Basi chagua. Leo utakuwa na mmoja wetu."

Alimsikia bosi akivuta kiti na kukaa.

"Lala," alisema bosi. "Nitawaambia wageni waje wiki ijayo."

Bi Pini alivua kile kiatu, akajifunika shuka mpaka kichwani.