Siku Nilizoziba Pua

Juzi jirani yangu hapa Karatu alikuwa akiyeyusha mafuta ya kondoo, harufu ikavuka ua ikanifuata mpaka mezani. Nikasukuma sahani. Mume wangu aliuliza kama ninaumwa, nikamwambia nimeshiba. Uongo mtupu. Harufu ile siivumilii tangu nikiwa na miaka tisa, na sababu yake simwambii kila mtu. Leo nawaambia ninyi.

Nyumba yetu ilikuwa juu kule, karibu na msitu wa Ngorongoro, ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Watu, ndama na kondoo tulilala chini ya paa moja. Ilikuwa miaka ile sabuni ilipokuwa adimu madukani, na surua ikampata mdogo wangu Paskalina, mwenye miaka mitano. Kwetu mtoto wa surua hakutakiwa kuona mwanga hata kidogo. Mama alitundika ngozi ya ng'ombe mlangoni mwa chumba cha ndani, akaziba kidirisha kwa matambara, akampaka mafuta ya kondoo kuanzia utosini hadi nyayoni, na mengine akamnywesha yakiwa moto. Mimi nikapewa kazi ya kumpelekea uji na kumfuta macho.

Macho yale! Kila asubuhi yalikuwa yamegandana kwa matongotongo ya njano, mazito kama gundi. Ongezeni mafuta yaliyochacha, jasho, mkojo wa ndama, na kitambaa kimoja tulichokisuuza kwa maji matupu. Nami nilikuwa mtoto wa kinyaa, hata maziwa yenye utando juu yalinitapisha. Nilimfuta kwa ncha za vidole viwili, uso nimeugeuzia ukutani, kisha nikatoka mbio kujipangusa kwenye majani.

Vipele vikakauka, ngozi ikabambuka, matongotongo yakaisha. Mama alifurahi, ila akasema abaki gizani mpaka mwezi uandame. Asubuhi moja nilisahau kuishusha ile ngozi ya mlangoni, mwanga ukaingia mpaka kitandani. Nilikuwa nimeziba pua, nimekunja uso kama mtu aliyekanyaga kinyesi.

"Shika uji wako," nikamwambia.

Paskalina akatabasamu, akanyoosha mkono, akakikosa kikombe kwa shibiri nzima. Nikamtolea ulimi. Akaendelea kutabasamu.

Mtoto mwingine angekimbia kumwita mama. Mimi nilishusha pumzi. Haoni! Sasa ningeziba pua nitakavyo na kutema mate nitakavyo, bila yeye kulia kwamba dada hampendi. Kwa siku nne nilimshikisha kikombe mkononi, nikanyamaza. Aliposimama akayumba, miguu ikipishana, nilijiambia ni njaa tu. Na mle gizani sote tulikuwa tunapapasa, kwa hiyo mama hakugundua lolote.

Mwezi ulipoandama, mama alimtoa nje akamwone mwanakondoo wake. Jua lilikuwa linawaka. Paskalina alipiga hatua tatu za kilevi, akakanyaga majivu ya moto kando ya mafiga.

"Paska! Huoni moto?" mama akapiga kelele.

"Kumekucha, Aayo?" akauliza. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiiraqw.

Mama alimbeba mgongoni hadi barabarani, mimi nyuma na kikapu, tukadandia lori la vitunguu lililotoka Mang'ola. Hospitalini daktari alimmulika macho, akamgonga magoti. Alieleza kwamba surua ikishaondoka kwenye ngozi inaweza kuacha uvimbe ndani, kwenye ubongo na kwenye mishipa ya fahamu inayotoka machoni. Macho yenyewe yanaonekana mazima, lakini hayapeleki habari.

"Ameacha kuona tangu lini?" akauliza.

"Leo, daktari," mama akajibu. Mimi nilitazama sakafu.

Miguu ilipona kabisa. Macho yalirudi nusu: watu anawaona, rangi hazioni, na herufi za ubaoni zilimshinda, akaacha shule darasa la tatu. Nikiwa mtu mzima nilimuuliza daktari mmoja wa macho kama siku nne zingebadilisha kitu. Alisema pengine hapana. Jibu hilo halikunipunguzia chochote, maana mimi ndiye niliyenyamaza, na nilinyamaza nikiwa nimefurahi.

Mwaka jana, tukichambua maharage, yeye kwa vidole na mimi kwa macho, hatimaye nilimwambia yote. Alicheka mpaka akamwaga ungo.

"Dada, nilijua. Ukiziba pua unaongea kama bata."

"Sasa mbona hukumwambia mama kwamba huoni, wala kwamba nakuonea kinyaa?"

Akapapasa maharage yaliyomwagika, akayarudisha moja moja.

"Ya macho, nilidhani ni lile giza la chumbani tu. Ya kinyaa, ningesema wangekuondoa. Ukimtoa mama, nani mwingine alikuwa anaingia mle?"

Kinyaa chote nilichomwonea kilinirudia mwenyewe siku ile, na bado ninacho. Kumbe lile tabasamu halikuwa la mtoto asiyejua. Alikuwa akitabasamu ili kesho nirudi.