Ngozi za Miguu ya Farasi

Wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, nilikuwa fundi wa ngozi Rumonge. Nilishona viatu, lakini zaidi nilishona hirizi, maana kwetu mtu hafungi ngozi mwilini bila aya ndani yake.

Siku moja akaja askari aliyemtunza farasi wa bwana mkubwa. Mawe ya njia ya Minago yalimuumiza farasi miguu, na bwana alitaka ngozi za kuikinga.

Nilipima kila mguu peke yake kwa ukuti wa mchikichi. Ndani nikatia pamba, nikaacha nafasi ya kupitisha kidole. Ngozi ikibana, mguu unavimba. Ikilegea, inashuka na kuchubua. Askari hakubandua macho kwenye sindano yangu.

"Fundi, nini iko ndani?"

"Pamba, afande."

"Pamba tu?"

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia kama haamini, avae yeye.

Farasi akaenda Minago, akarudi bila mchubuko hata mmoja. Nikadhani yamekwisha. Kumbe hilo ndilo lililomzidishia askari shaka. Alirudi na ngozi moja, akaifumua kwa kisu mbele yangu, akaichambua pamba yote juu ya mkeka. Hapakuwa na karatasi wala herufi.

Akanitazama kama mwizi.

"Hirizi yenyewe umeificha wapi?"

Akaiokota ile pamba yote, akaiviringisha kwenye kitambaa, akajifunga juu ya kiwiko, kisha akateremsha mkono wa shati.