Filimbi ya Mawe na Barua ya Kapteni Atuti

Drusilla Chepkemoi alikuwa mtu wa kuuliza. Akiwa darasa la nne kule Sosiot mwalimu alimtoa nje mara mbili kwa wiki moja kwa sababu ya maswali. Tabia hiyo hakuiacha. Aliolewa nayo, akazaa watoto watano nayo, na akaingia nayo kwenye shamba la chai la kampuni. Wachuma chai walipotafuta mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hawakuhangaika. "Tumchague Bot Cheptoo," walisema, yaani Mama Cheptoo, maana mtoto wake wa kwanza ni Cheptoo. "Huyo hata meneja akimsalimia habari ya asubuhi atamuuliza asubuhi gani."

Kufikia mwaka wa 1995 alikuwa ameshika kazi hiyo miaka kumi na mmoja.

Mistari ya mwisho ya chai yao ilipakana na kiwanja cha ndege cha kampuni, nyasi tupu na ule mfuko mwekundu wa kuonyesha upepo. Mara moja au mbili kwa mwezi ndege ndogo nyeupe yenye injini mbili ilimleta mwenyekiti wa kampuni kutoka Nairobi. Mwenyekiti akiwa kiwandani au mezani, rubani alibaki akikaa kivulini chini ya bawa. Aliitwa Kepher Atuti, kijana wa Nyamira mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hata kwenye mikono.

Siku moja Drusilla alishindwa kuvumilia. Akaweka kikapu chini na kuvuka nyasi, eproni yake ya plastiki ikilia chwa chwa.

"Chamgei, Kapteni."

"Chamgei mising, mama," akajibu Atuti. Kikipsigis chake kiliishia hapo.

"Hebu niambie. Mimi nikikosea, kabla sijafutwa napewa barua tatu za onyo. Siku ya kesi nasimama na mtu wa chama. Wewe ukikosea unasimama na nani?"

Atuti akacheka. "Mama, mimi ni rubani."

"Hiyo naona. Sijauliza kazi, nimeuliza mtu."

"Hakuna mtu. Marubani wa mashirika makubwa wako na chama chao. Sisi wa ndege za matajiri, kila mmoja na tajiri wake."

"Na barua yako ya kazi inasema nini?"

Hapo kicheko kikapungua. "Inasema wakitaka niondoke wananipa siku moja."

"Siku moja! Hata jogoo wa Krismasi hulishwa wiki mbili kwanza."

Wanawake waliokuwa wakisikiliza wakacheka mpaka wakaegemea vikapu. Lakini Drusilla alikwenda na jambo hilo nyumbani, akala nalo ugali. Yeye alibeba majani, na alikuwa na watu wa kumsemea. Huyu alibeba roho ya mwenyekiti mwenyewe, na hakuwa na mtu. Hiyo ilikuwa hesabu ya wapi?

Mtu wa huko hahitaji kuambiwa mawe ya Aprili yalivyo. Asubuhi jua kali, saa nane wingu jeusi linashuka kilimani, na kabla hujafunga kitambaa kichwani mvua ya mawe iko juu yako. Zamani watu walipigwa nayo humo humo shambani, kwa sababu anayekimbia aliandikwa kuwa ametoroka kazi. Chama kikapigania jambo hilo mpaka wakakubaliana na kampuni: nyapara akiona wingu la mawe apige filimbi mara tatu, kila mtu aache kazi, na asiadhibiwe mtu. Tena saa ya filimbi iandikwe katika kitabu cha mawe na meneja atie sahihi jioni, ili majani yaliyochanika yasisemwe kwenye mizani kwamba ni uzembe wa mchumaji.

Basi Ijumaa moja ya Aprili ya mwaka huo mwenyekiti alikuja asubuhi. Atuti alimwomba waondoke kabla ya saa sita. Mwenyekiti akakaa mezani. Alipofika kiwanjani ilikuwa saa nane, na Noah, nyapara wa divisheni, alikuwa ametia filimbi mdomoni. Akaipiga mara tatu. Wachumaji wakatimua mbio kwenda kibanda cha mizani. Drusilla, aliyekuwa wa nyuma, aliwasikia wale wawili wazi wazi.

"Washa ndege," mwenyekiti alisema.

"Mzee, angalia hilo wingu. Siwezi."

"Huwezi ama hutaki?"

"Yote mawili," Atuti akasema.

Mwenyekiti akaingia katika gari la meneja, akafunga mlango kwa kishindo, akapitia ofisini, kisha akaenda Nairobi kwa barabara. Mawe yakaanguka mpaka nyasi zikawa nyeupe. Atuti alijibanza kibandani pamoja na wachumaji, shati lake limelowa. Mvua ilipopungua, dereva wa ofisi alimletea karatasi: kesho saa nne ofisini, kwa kukataa amri, na anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake mmoja.

"Mwenzangu yuko wapi?" Atuti akasema. "Niko peke yangu. Na mke wangu amejifungua juzi tu."

"Wewe unalipwa na nani?" Drusilla akamuuliza.

"Kampuni."

"Na mimi?"

Atuti akamtazama, kisha akatazama eproni yake.

Asubuhi Bwana Kimeli, meneja, aliwaona wakiingia wawili. "Drusilla, umepotea? Kesi za wachumaji ni Jumatatu."

"Karatasi inasema mfanyakazi mwenzake. Haikusema wa juu wala wa chini."

"Tangu lini mchuma chai akajua mambo ya ndege?"

"Sijui hata kidogo, bwana. Nimekuja kuuliza tu."

Kimeli akapumua kwa nguvu, maana maswali hayo aliyajua. Akasoma shtaka: mwenyekiti anasema yalikuwa manyunyu, rubani akaleta kiburi.

"Manyunyu ya saa ngapi?" Drusilla akauliza.

"Saa nane hivi."

"Na jana jioni ulitia sahihi kitabu gani?"

Kitabu kilikuwa kwenye rafu nyuma ya kichwa chake. Drusilla aliomba kisomwe. Kimeli akakifungua polepole, akasoma kwa sauti ya chini: saa nane na dakika tano, filimbi mara tatu, mawe mazito, majani ya bloku mbili yameharibika. Chini yake palikuwa na sahihi yake mwenyewe.

"Hiki ni kitabu cha chai," akasema.

"Na wingu liliambiwa hivyo? Kwamba lipige chai, liache ndege?"

Kimeli akauma mdomo asicheke. Akawatoa nje, akashika simu kumpigia mwenyekiti.

Walikaa kwenye benchi la nje karibu saa nzima. Drusilla akaona ni wakati mzuri wa kuuliza jambo lingine.

"Kapteni, yale mawe yanatoka wapi hasa?"

"Ndani ya wingu. Upepo unayarusha juu, yanashuka, yanarushwa tena. Kila safari yanaongezeka unene. Yakishinda upepo ndipo yanaanguka."

"Kumbe yanapanda kwanza?"

"Yanapanda sana, mama. Ndege ikiingia humo, kioo cha mbele hakikai."

Drusilla alitazama kilima. Miaka hamsini amepigwa na mawe hayo, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba yanapanda kwanza.

Kimeli aliwaita. Atuti hakufutwa. Ndege ingefuata filimbi kama watu wengine. Lakini kwa kumjibu mwenyekiti "yote mawili", alipewa barua ya onyo. Atuti akaishika kama kitu kinachochoma.

"Pokea," Drusilla akamwambia walipotoka. "Hiyo ni ya kwanza. Mwenye ya kwanza lazima aandikiwe ya pili na ya tatu kabla hajafutwa. Jana ulikuwa na siku moja tu."

Atuti akaisoma tena, taratibu, kisha akaikunja vizuri na kuitia mfukoni.

Mwezi wa Juni Atuti alirudi, akavuka nyasi yeye mwenyewe, mpaka kwenye mstari wa Drusilla. Marubani wenzake wa Nairobi walikuwa wamesikia habari ya barua ile, nao wakataka mtu wa kuwasemea.

"Mko wangapi?" Drusilla akauliza, mikono haijaacha chai.

"Labda thelathini. Lakini hatukutani, mama. Ni pale pa kujaza mafuta tu, tukingojeana."

"Sisi tulianzia kwenye mizani, foleni ikiwa ndefu. Nyinyi anzieni kwenye mafuta. Nani kati yenu anauliza sana?"

"Yuko mmoja," Atuti akasema. "Huyo anatuchosha kabisa."

"Ndiye huyo," Drusilla akasema, akasogea kwenye kichaka kinachofuata.