Mkate wa Dada Mghoi na Tumbo la Baba

Harufu ya hamira ilikuwa ngeni kwetu. Nyumba yetu, kwenye mteremko juu ya Mwatate, ilizoea moshi, maharagwe na mkonge uliolowa, maana mama alikuwa akisuka vyondo. Lakini mwaka mmoja wa sabini na kitu, sikumbuki vizuri na sitaki kudanganya, dada yangu Mghoi alirudi kutoka Voi, alikokuwa akijifunza upishi kwa masista, akiwa na hamira mkobani na neno zito moyoni. Alikuwa amepata mchumba, Mutua, kijana wa Kikamba ambaye wazazi wake walikuwa na duka pale Voi. Watu wa kwao Mutua wangekuja Jumamosi kujitambulisha. Na Mghoi alikuwa amesikia, au aliambiwa na mtu aliyesikia, kwamba shangazi yake Mutua alisema kijana anaenda kuoa kwa watu wa kimanga. Kimanga ni chakula chetu cha mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, na mimi mpaka leo sioni tusi hapo. Mghoi aliliona, kana kwamba tumeitwa washamba, na likamnyima usingizi.

Kwa hiyo akaazimia kwamba katikati ya meza patakaa mkate mkubwa wa duara, uliosukwa kama ukingo wa kiondo, na ndani ya duara jibini nyeupe ya mkono wake. Wiki nzima tukanywa chai ya strungi, maana maziwa yote yalikuwa yake. Aliyachemsha, akayakamulia ndimu, yakakatika mabonge na kutoa maji ya kimanjano, akayafunga kwa kitambaa, tukayashindilia ndani ya kata ya kibuyu na kuyakandamiza chini ya jiwe la kusagia. Baba alisimama mlangoni akatazama, akasema kwa upole tu, "Maziwa yakiharibika humwagwa, mwanangu. Hayawekwi mezani." Nisimseme baba vibaya. Ujanani, akikata mkonge mashambani, msimamizi mmoja alimpa kipande cha jibini, akakitapika mbele ya wenzake. Walimcheka mpaka msimu ukaisha. Usilolijua ni usiku wa kiza, lakini yeye alikuwa amelijua, na ndiyo sababu aliliogopa.

Kusuka mkate ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na vidole vyangu vilishajua mkonge, ingawa unga ni kitu kingine, unanyooka halafu unajirudia kama mtoto mkaidi. Tanuri hatukuwa nayo. Tulitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa ya kuazima, tukaingiza mkate, tukapanga makaa juu ya kifuniko. Ulipotoka, rangi yake ilikuwa kama ya mtungi mpya, na majirani walikuja kuuchungulia. Mama alinong'ona kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na kweli chini ulikuwa umeungua. Hatukuwaambia wageni.

Walikuja sita, wamevaa vizuri, wenye heshima. Mghoi alileta sinia, akaiweka mezani. Jibini ilisimama katikati, imepata umbo la ile kata ya kibuyu. Mzee wao akasifu. Hakuna aliyegusa. Nikadhani ni urembo unaowazuia, kumbe shangazi, mama mnene mwenye sauti ya kicheko, alikuwa akimtazama baba. "Shemeji," akasema, "kwetu chakula kigeni huonjwa kwanza na mwenye nyumba. Ama hapa kwenu mnawaonjesha wageni?" Wakacheka, bila ubaya. Hata kwetu desturi ni hiyo hiyo. Mama angeweza kuonja, lakini aliyetakiwa ni baba. Nilimwona Mghoi akishika ukingo wa meza. Baba akikataa, wageni nao wangekataa, na ile habari ya watu wa kimanga ingepata mkia. Akitapika, ni vibaya zaidi.

Baba akaondoa kofia. Akamega mkate, akakata jibini, si kipande cha woga, kikubwa, akaweka mdomoni. Alitafuna muda mrefu. Machozi yakamlengalenga, lakini akameza. Kisha akasema, "Chumvi imezidi kidogo. Lakini aliyeipika ni mtoto wangu. Kuleni."

Wakala. Shangazi alimega mara mbili, halafu akauliza kama kweli hakuna kimanga, maana alikuwa na hamu nacho tangu Voi. Labda yale maneno hakuyasema kamwe, au aliyasema akimaanisha hamu. Sikuwahi kumuuliza. Mama akakileta, kikaisha kabla ya mkate. Kusema kweli, siwezi kudai ndoa ile ilifungwa na jibini. Walipendana tu.

Siku hizi jibini inauzwa madukani Voi, imefungwa kwa plastiki, na katika harusi za watoto wetu chakula huletwa na watu wa kulipwa, walio safi, tena mapema, nacho ni kizuri kuliko chetu. Sisemi zamani ilikuwa bora. Tulikunywa strungi wiki nzima, na mkate ulikuwa umeungua. Ila mzazi siku hizi hupewa kiti cha mbele na hotuba fupi, na mimi hujiuliza ni wapi atapata nafasi ya kumeza kitu kinachomshinda kwa ajili ya mtoto, watu wakiona. Nadhani nafasi hiyo bado ipo. Watoto hawaachi kuleta vitu tusivyovijua, na mezani bado tunakaa pamoja.