Kosa la Kumi na Moja

Doreen Pavlik, dereva wa basi la shule kule Scranton, alijifunza Kiklingoni, lugha ya kubuni ya wapiganaji wa filamu za anga za juu, akiwa na miaka hamsini na mbili, palepale kwenye usukani, akingoja watoto watoke. Wengi wetu katika chama cha wapenzi wa lugha hiyo tulivutwa na mapanga na makelele. Yeye alipenda sarufi. Alipenda kwamba wingi una mikia mitatu mwishoni mwa neno: mmoja wa viumbe wenye kusema, mmoja wa viungo vya mwili, mmoja wa vitu vingine vyote. Alipenda pia kitenzi kilichobeba mtendaji na mtendwa kichwani, kama mama mwenye mapacha.

Kila kiangazi tunakutana hotelini, na kwa miaka kumi na mmoja Doreen ndiye aliyefundisha wageni. Mwaka huu kamati ikaamua: asiye na beji ya tatu, ya mtihani wa ngazi ya tatu, hafundishi. Doreen hakuwa nayo. Basi akafanya mtihani; ukizidisha makosa kumi, umeanguka.

Kwetu karatasi husahihishwa mbele ya watu. Msahihishaji alikuwa Emmett, muuguzi, mwanafunzi wa zamani wa Doreen. Akatangaza makosa kumi. Tukapiga meza mpaka vikombe vikaruka.

Doreen akaomba karatasi yake, akavaa miwani, akasoma huku watu wanamkumbatia. Kidole kikasimama.

"Na hili?"

Mabasi alikuwa ameyapa mkia wa wenye kusema. Emmett akainama, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, umeongea na lile basi miaka thelathini. Hili si tunaliacha tu?"

Watu wakacheka, naye Doreen akacheka. Kisha akasema, "Halijawahi kunijibu. Ni kumi na moja."

Nilimkasirikia, sifichi. Ukweli gani huo wa kujikata mguu mwenyewe?

Asubuhi Emmett, mwenye beji hiyo, ndiye aliyeshika darasa. Doreen alikaa mstari wa mbele pamoja na wageni, daftari mkononi, nami kando yake. Kwa woga Emmett akaandika sentensi akianza na mtendaji, mpangilio wa Kiingereza kitupu, ilhali Kiklingoni humweka mwisho. Wageni wakanakili. Nilimtazama Doreen, midomo ameibana.

Emmett akaendelea kidogo, akageuka, akautazama ubao.

"Samahani jamani, pale juu nimekosea. Futeni."

Doreen akavua miwani, akafuta macho kwa ncha ya blauzi.

"Huyo," akaninong'oneza, "nimemfundisha mimi."