Boma la Mawe la Karani wa Mizani

Hapana, mfalme hatukumkuta. Nawajibu mapema maana najua ndiko mnakoelekea. Kila nikisema nimeingia kwenye ngome yenye mizinga, mtu ananiuliza mfalme alikuwa amekaa wapi, amevaa nini. Tulimkuta mlinzi mmoja amevaa kaptula, anakula muhogo wa kuchoma, akatuambia tusikanyage alipofagia. Huyo ndiye mkubwa niliyemwona mle ndani.

Na mimi sikwenda kutafuta mfalme. Nilikwenda kutafuta mume.

Wakati huo mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yamekolea huku Basotu. Ngano mpaka macho yachoke. Kombaini zinafuatana kama bata. Kazi yangu ilikuwa kushona midomo ya magunia kwa shazia, na kazi yangu ya pili, ambayo hakuna aliyeniajiri, ilikuwa kuiga watu. Nilimwiga nyapara anavyokohoa kabla ya kugomba. Nilimwiga Mzungu wa kombaini: "Mama, ngano hii mzuri sana, lakini mvua hapana mzuri." Wanawake wanacheka mpaka shazia zinawachoma vidole.

Lakini umri ulikuwa umeshakwenda. Wadogo zangu wawili wameolewa, mimi bado niko nyumbani, mama akinitazama anaguna. Si kwamba hawakuja. Walikuja. Mmoja nilimwiga anavyotafuna, na baba yake yupo, anatafuna vilevile. Hawakurudi.

Ndipo akaja karani wa mizani. Mtu wa pwani, kaletwa na kazi. Kalamu sikioni, koti zito mchana kutwa, maana baridi ya huku ilimtesa kuliko nyapara. Alikuwa anaongea kama mtu anayetandika kitanda, pole pole, ananyoosha kila kona. "Bibie, gunia lako limeegemea upande. Hebu liweke sawa. Haya, ahsante." Sisi tulizoea kuambiwa "Beba" basi.

Siku moja nikawa namwiga, wenzangu wote wanalia kwa kicheko, halafu wakanyamaza ghafla. Kumbe yuko nyuma yangu. Nikangoja matusi. Akasema, "Endelea. Ila hapo kwenye ahsante hujapatia, ivute kidogo." Akasimama pale akanifundisha kumwiga yeye mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Akaja nyumbani kwa baba, shikamoo kwa kila mtu, hata kwa kaka yangu ambaye alikuwa mdogo kwake. Baba akamuuliza, kwenu kuna nini?

"Mzee wangu, kwetu Bagamoyo hatuna makuu. Ila boma letu ni la mawe matupu, la ghorofa, walijenga watu wa zamani, mpaka leo limesimama."

"Na mnakula nini?"

"Wali, mzee. Na wali wetu haupikwi pasipo maziwa ya nazi."

Sasa sikilizeni hapo. Hata Mbulu mjini kuna Boma, walijenga Wajerumani, na kila mtu anajua hilo ni la serikali. Lakini mtu akikaa kwenye kigoda chako akasema "boma letu", kwetu sisi huyo anaongea habari ya ng'ombe. Boma letu ni zizi letu, ni mifugo yetu. Na hiyo nazi, baba alijua ni jina la ng'ombe. Kwetu ng'ombe ana jina. Msinicheke, na mimi nilijua hivyohivyo, nazi nilikuwa sijaiona.

Alipoondoka baba akahesabu kwa vidole. Halafu akasema, "Watu wanaojenga ghorofa la ng'ombe. Watu wanaopikia mchele maziwa, tena ya ng'ombe mmoja tu, huyo Nazi. Hao wengine wanayapeleka wapi?"

Lakini baba hakuwa mtu wa kudanganywa na maneno. Akamwita dada yake, shangazi yangu wa Gitting, mama mrefu, mkavu, asiyecheka. Akamwambia, "Utakwenda na huyu mtoto. Usiangalie ng'ombe. Ng'ombe huazimwa, mtu anaweza kujaza boma kwa siku moja. Wewe angalia samadi. Samadi haiazimwi. Ukirudi ukasema umeiona, ataolewa. Ukisema hujaiona, ataendelea kushona magunia."

Mimi natamka samadi kwa kuwa naongea na nyie. Baba alitumia neno la kwetu, ambalo halina aibu yoyote. Unapita nyumbani kwa mtu, unanusa, unamsifu.

Huyo shangazi Kiswahili alikuwa anakisikia, hakisemi. Alikuwa na maneno yake machache, anayabana kama mtu anayebana tumbaku.

Safari yenyewe ilipatikana baada ya mavuno. Lori la shamba linapeleka ngano pwani, meneja akaruhusu wanawake tuliomaliza msimu bila kukosa kazi tupande tukaone bahari. Karani akapewa kutuongoza, maana ni kwao. Shangazi akapandishwa kama mgonjwa anayekwenda hospitali. Njia nairuka, ni ndefu na ina vumbi. Niwaambie ile siku moja ya kutembezwa.

Asubuhi karani katokea amevaa kanzu. Bila koti alikuwa mdogo, kama kuku aliyenyeshewa, lakini sauti imekua. Ana kifimbo. "Mabibi, karibuni. Leo mtanifuata mimi, na mtakachokiona hapa, wazee wetu walikiona." Akanivuta pembeni. "Nakuomba jambo moja. Mchana tutakula kwa mama yangu. Nimemwambia yumo mmoja kati yenu, sikumwambia ni yupi. Tafadhali usimwige. Mama yangu akiigwa ataugua."

Nikamwapia. Nikamwambia hata wewe leo sikuigi.

"Na shangazi?"

"Shangazi haongei."

"Ahsante," akasema, akaivuta.

Akaanza na magofu, nje ya mji. Kuta za msikiti wa zamani, makaburi ya mawe yenye nguzo ndefu, na kwenye nguzo wamechomekea mabakuli ya kutoka ng'ambo. Shangazi kaburi hasogelei. Akabaki barabarani, kageuza mgongo. Nikaenda kumweleza habari ya mabakuli. Akaniambia kwa lugha yetu, "Kama waliweka mabakuli ya maziwa, basi maziwa yalikuwepo. Twende tuone boma."

Tukaenda ngomeni. Kuta nene kama kifua cha fahali, vidirisha vidogo vya kutolea bunduki. Karani anaeleza kwa kifimbo, huku walikaa askari, huku wakafungwa watu, na wenzangu wanaitikia "aaa" kama wako kanisani. Hapo ndipo tulipomkuta yule wa muhogo. Shangazi akachungulia kila chumba. Akarudi kwangu. "Milango ni myembamba. Fahali hapiti."

Nikamwambia, "Hili siyo lenyewe. Lenyewe linakuja."

Lenyewe likaja. Karani akasimama, akatanua mikono kama anaonyesha mke wake. "Mabibi, hili ndilo boma letu."

Ghorofa kweli. Mawe kweli. Juu ya ukuta kuna meno meno kama taya la mamba. Tukaingia. Ndani kuna meza, kuna mafaili yamefungwa kamba, kuna makarani watatu, mmoja amelala. Shangazi akawatazama mmoja mmoja. Akaniuliza, "Hawa ndio wachungaji?"

Nikamwacha hapo. Nikamfuata karani kwenye ngazi. "Ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe gani?"

"Wa boma lenu."

"Boma ni jengo, bibie. La serikali. Ofisi."

"Ulimwambia baba boma letu."

"Letu sote. La mji." Halafu nikaona inamwingia, pole pole, kama maji kwenye gunia. "Lahaula. Baba yako alidhani..."

"Na Nazi? Huyo Nazi wenu yuko wapi?"

Akanyoosha kifimbo dirishani, juu, kwenye mti mrefu usio na matawi. Nikatazama. Nikaona mali yote aliyoihesabu baba yangu inaning'inia kule juu kwenye makuti.

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi, na yeye akakaa akacheka, yule karani aliyelala akaamka. Halafu tukaacha kucheka pamoja, maana wote tuliiona sura ya baba.

"Basi tumwambie shangazi ukweli," akasema.

"Ukimwambia leo, kesho sitakuwa mke wako. Baba huwa anashika neno la kwanza. Ngoja arudi aseme ameona, mengine nitayapanga mimi." Nilikuwa namtaka. Sikuwa najali ng'ombe. Ningekula nazi mpaka kufa.

Nikamfuata shangazi, nikamkuta uani. Kachuchumaa. Anakwangua chini kwa kucha, ananusa. Nikamwambia, "Wako malishoni. Jua limeshapanda, wangebaki kufanya nini?"

Akanusa tena. Ilikuwa chokaa. Akajifuta kidole kwenye shuka, akanitazama. Jicho la shangazi lilikuwa baya kuliko ugomvi wa nyapara.

Kilichotuokoa ni bahari. Karani kateremka nasi ufukweni, anaeleza misafara, pembe, forodha. Wenzangu wamekunja magauni, wanapiga kelele kila wimbi likija. Shangazi akaenda taratibu, akachota maji kwa kiganja, akaonja. Akaonja tena. Kwa mara ya kwanza nikamwona anakaribia kutabasamu.

"Magadi," akasema. "Yote haya ni magadi?"

"Yote, shangazi."

"Mpaka kule?"

"Mpaka kule."

Nyie mnajua sisi tunavyoswaga ng'ombe siku nzima kupeleka kulamba magadi. Akatoa kibuyu chake, akakijaza, akakifunga vizuri. "Mungu hawezi kuweka magadi mengi hivi mahali pasipo na ng'ombe," akasema. Nikamwangalia karani, nikampa ishara kwa jicho. Akainua kifimbo juu kidogo tu. Tulikuwa tumeshapona.

Basi tukaenda kula. Wenzangu wametandikiwa barazani, mimi na shangazi tukaingizwa ndani, kwa hiyo siri ya nani ni nani ikaishia mlangoni. Mama yake mtu mzima, mnene, ananukia udi, khanga mbili, na sauti. Jamani ile sauti. Inaanzia chini inapanda, kama mtu anapanda ngazi amebeba sinia la vikombe na hataki kimoja kilie. "Karibuuni wageni wetu, karibuni mtie mkono, nyumba ni yenuu." Mungu anisamehe, iliniwasha ulimi wote. Nikauma. Nikasema shikamoo, nikainamisha macho. Kila alichosema nikajibu "ndiyo mama" kwa sauti yangu mwenyewe, ambayo sijui mara ya mwisho niliitumia lini.

Samaki shangazi hakugusa. Kwake yeye samaki ni nyoka aliyekosa njia. Ila wali aliula, akanong'ona kwamba maziwa ya huyo Nazi ni mazito kweli. Nikamwambia ndiyo, shangazi.

Mama akamgeukia mwanawe. "Mwanangu, huyu binti mtulivu. Sikujua kama bara kuna watoto watulivu hivii." Karani akatazama dari, nikajua anamshukuru Mungu. Mama akanishika mkono. Akavua bangili yake moja, ya fedha, nyembamba, akaiweka juu ya mkeka, kati yake na mimi. Hakunivisha. Aliiweka tu, ionekane.

Halafu kwa adabu, maana mkubwa hakai kwako asiulizwe neno, akamwelekea shangazi. "Na wewe dada yangu, mbona kimya? Mmetembezwa tangu asubuhi. Boma letu mmelionaje?"

Nikaanza kujibu mimi. Shangazi akaninyooshea kiganja, ninyamaze.

Niwaambie kwanza yaliyofuata, ili nimalize na neno lenyewe. Mama alifunika sinia la wali kwa khanga, huku watu bado tunakula. Bangili ikarudi mkononi mwake, sikuona ilivyorudi. Karani alisema "Mama, kwao hilo si tusi," akaambiwa anyamaze, akanyamaza. Njiani kurudi alikaa mbele na dereva, sisi nyuma juu ya magunia matupu. Msimu uliofuata mizani ilikuwa na karani mwingine, mtu wa Singida, huyo hata kuigwa hafai. Baba aliuliza, shangazi akasema hakuona, ikaisha. Kibuyu cha bahari walilambishwa ndama, wakaharisha.

Simlaumu shangazi. Aliulizwa, na neno la adabu hakuwa nalo, alikuwa nalo moja tu. Alinawa mkono taratibu, akamtazama mama wa watu usoni kwa heshima kabisa, akasema Kiswahili chake kirefu kuliko vyote nilivyopata kumsikia:

"Boma nimeona, mama. Kubwa, nzuri. Lakini mavi hakuna."